Mwandishi Asiye na Dawati

Habari nyingi ambazo msomaji wa gazeti la Kiswahili huzikuta katika kurasa za mikoani, pamoja na sehemu isiyo haba ya makala za kurasa za katikati, haziandikwi na watu walioajiriwa na gazeti lenyewe. Huandikwa na waandishi wa kujitegemea, yaani waandishi wa habari wasio na mkataba wa ajira na chombo chochote, wasiopokea mshahara, na ambao huuza kazi yao kipande kimoja kimoja kwa gazeti, jarida, redio au tovuti itakayoikubali. Miongoni mwao wamo waandishi wa mikoani, ambao huliandikia gazeti moja kwa miaka mingi hadi mji mzima ukawajua kwa jina la gazeti hilo, ilhali katika orodha ya mishahara ya kampuni majina yao hayamo. Wamo wapiga picha wanaoshinda viwanjani na mahakamani. Wamo wanaouza makala ng'ambo. Na wamo waandishi wa safu, ambao mchana ni wahadhiri, mawakili au madaktari na usiku hushika kalamu. Kwa msomaji kazi zao hazitofautiani na za wengine, kwa kuwa ukurasa hauonyeshi nani ameajiriwa na nani hakuajiriwa, lakini hesabu zao, hatari zao na mustakabali wao ni mbali kabisa na vya mwenzao mwenye dawati, na kijana anayeiingia kazi hii bila kuzielewa tofauti hizo huweza kuandika vizuri kwa miaka kumi na akabaki pale pale alipoanzia.

Utaratibu huu si mgeni katika uandishi wa Kiswahili. Kwa hakika ulitangulia ule wa mwandishi mwenye mshahara. Magazeti ya mwanzo ya lugha hii, kama vile Msimulizi, lililoanza kuchapwa na wamisionari wa Kianglikana Zanzibar mwaka 1888, na Kiongozi, lililotoka Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani kuanzia mwaka 1904, yalitegemea sana barua na taarifa za walimu waliotawanyika katika vituo vya bara na pwani, na Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Kiingereza ya Tanganyika mwaka 1923, lilijazwa kwa kiasi kikubwa na mashairi, habari na barua za makarani na walimu ambao uandishi haukuwa ajira yao. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha, ni mmoja wa washairi waliofahamika kupitia kurasa hizo. Wachangiaji hao hawakulitegemea gazeti kwa chakula. Walikuwa na mshahara kwingine, na kwa hiyo heshima ya kuona jina limechapwa ilikuwa ujira wa kutosha. Mazoea ya kulihesabu jina lililochapwa kuwa ni malipo yamedumu katika vyumba vya habari muda mrefu kuliko mazingira yaliyoyazaa, na hadi leo wapo wahariri wanaomshauri kijana aandike kwanza ili ajulikane, mambo ya fedha yatafuata. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini kondakta wa basi hapokei nia njema.

Na jina lenyewe halina uhakika. Kila msomaji amewahi kukutana na maneno "Na Mwandishi Wetu" juu ya habari, na maneno hayo hutumika kwa sababu mbalimbali, mojawapo ikiwa ni kumlinda aliyeandika jambo la hatari, na nyingine, isiyo na heshima kubwa, ikiwa ni kuunganisha kazi za watu watatu bila kujisumbua kuwataja. Malalamiko dhidi ya desturi hii yana umri mkubwa na yamepitia kwa watu wazito: Karl Marx, alipokuwa mkimbizi mjini London, aliliandikia gazeti la New York Daily Tribune kwa takriban miaka kumi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1850, akilipwa kwa makala, na alichukizwa kuona baadhi ya makala zake zikichapwa bila jina kama maoni ya gazeti. Haki haitamkwi nusu, hivyo ni lazima kuongeza kwamba baadhi ya makala zilizotoka kwa jina lake ziliandikwa na rafiki yake Friedrich Engels.

Afrika Mashariki inao mfano wa karibu zaidi, na wenye mafunzo zaidi, katika maisha ya mpiga picha Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na mwaka 1963, akiwa na umri wa takriban miaka 20, alianzisha huko Dar es Salaam kampuni yake aliyoiita Camerapix. Wakati huo hakuwa na mwajiri. Alikuwa na kamera, jiji lililojaa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na wahariri wa mbali waliohitaji picha kutoka mahali ambako hawakuwa na mtu. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalipotokea, yeye alikuwa jirani, na katika kazi hii ujirani na tukio ni mtaji kuliko shahada. Mwaka 1966 alitiwa gerezani Zanzibar kwa wiki kadhaa, na baada ya kutoka akahamia Nairobi, akaanza upya kwa kampuni ile ile. Mwaka 1984 alikuwa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, akipiga kwa niaba ya shirika la picha za televisheni la Visnews, pamoja na Michael Buerk wa BBC, na filamu waliyoitoa juu ya njaa iliamsha dunia na kuzaa michango mikubwa ya wanamuziki wa Uingereza na Marekani, ikifikia kilele katika tamasha la Live Aid la Julai 1985. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia, na alifariki Novemba 1996 katika ndege ya shirika la Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Wasifu huo husimuliwa mara nyingi kama habari ya ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Kinachosahaulika ni kwamba Amin alikuwa pia mfanyabiashara hodari. Kampuni yake ilitengeneza vitabu vya picha kuhusu Kenya na nchi nyingine, ilichapisha kitabu cha Hija ya Makka, na ilitengeneza Selamta, jarida linalowekwa mbele ya abiria wa ndege za Ethiopia, kazi ambazo hazikuwa na risasi ndani yake lakini zilileta fedha za kuaminika katika miezi ambayo vita havikuwa vikinunuliwa. Zaidi ya hayo, Camerapix ilijenga hazina ya picha zilizopigwa zamani, na picha ya mtu ambaye leo ni kijana mwanasiasa asiyejulikana huweza kutafutwa na wachapishaji miaka 20 baadaye atakapokuwa rais au atakapouawa. Aliyetoa kila alichokipiga kwa malipo ya mara moja hana cha kufungua siku hiyo. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kuandika kwa kulipwa kwa kipande na kuwa na kazi ya maisha: yule wa kwanza huuza siku zake, na wa pili hujenga mali inayobaki mikononi mwake, iwe ni hazina ya picha, ujuzi wa uwanja mmoja, au jina ambalo wahariri hulikumbuka bila kukumbushwa.

Uhitaji wa mali hiyo huonekana upesi mtu anaposhika kalamu na kupiga hesabu. Uchukuliwe mfano wa kubuni wa makala moja inayolipwa shilingi 50,000 za Tanzania. Nauli ya kwenda na kurudi wilayani ni shilingi 18,000, bando la intaneti na muda wa maongezi ni 5,000, chakula cha siku mbili ni 7,000, na gazeti, likifuata sheria ya kodi ya mapato, hukata asilimia 5 ya malipo, yaani 2,500, ambayo huitwa kodi ya zuio kwa sababu mlipaji huizuia na kuipeleka serikalini kabla fedha hazijamfikia anayelipwa. Kinachobaki ni shilingi 17,500. Makala hiyo imechukua siku moja ya safari, siku moja ya mahojiano, siku moja ya kuandika, na siku ya nne ya kumtafuta ofisa aliyekuwa "kwenye kikao" ili habari ipate mizania, yaani ili upande unaolaumiwa nao usikike. Mwandishi amefanya kazi kwa shilingi 4,375 kwa siku, na kwa kuwa desturi ni kulipa baada ya kuchapwa, si baada ya kupokelewa, fedha hizo zinaweza kumfikia baada ya mwezi au miwili, na makala ikikaa kapuni kwa sababu tangazo limechukua ukurasa, asizipate kabisa.

Mtu akiiona hesabu hiyo, fikra ya kwanza ni kuandika habari nyingi zaidi, na fikra hiyo ndiyo inayowamaliza wengi, kwa kuwa huwasukuma kwenye habari za mikutano, ambazo ni rahisi kuandika, hazidumu, na mara nyingi huambatana na bahasha ya fedha kutoka kwa waandaaji. Njia iliyowafikisha wengine mbali ni kinyume chake: kufanya safari chache, kila safari ikachunguzwa kwa kina na kuuzwa zaidi ya mara moja. Ili jambo hilo lieleweke ni vyema kulitazama katika habari moja halisi, na kilimo cha mwani cha Zanzibar kinafaa kwa kuwa kimeandikwa sana na bado hakijaisha.

Mwani ni mmea wa baharini ambao wakulima wa vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, walianza kuulima kibiashara mwaka 1989. Hukaushwa na kusafirishwa nje, ambako hutolewa kemikali ya kuzitia uzito bidhaa kama dawa ya meno na aiskrimu. Wakulima wengi ni wanawake, na mapato ya mwani yaliwapa fedha za mkononi ambazo hawakuwa nazo kabla. Aina yenye bei nzuri, ambayo wakulima huiita kotonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyopata joto, na iliyobaki kustahimili ni aina yenye bei ndogo. Kotonii hustawi zaidi katika kina kirefu, lakini huko kunahitajika boti na kujua kuogelea, mambo ambayo wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakulelewa nayo.

Mwandishi asiye na uzoefu humtumia mhariri ujumbe kwamba angependa kuandika kuhusu mwani Zanzibar. Ujumbe huo hauna wazo la habari ndani yake. Una mada tu, na mada kila mtu anayo, pamoja na mhariri mwenyewe. Pendekezo la makala, yaani maelezo mafupi yanayotumwa kwa mhariri kabla ya kazi kuanza ili aikubali au aikatae, huwa na nguvu pale linapotaja kilichobadilika, nani kimemgusa, na kwa nini msomaji alijue sasa. Katika mfano huu lingesema kwamba joto la bahari limewasukuma wakulima wa Jambiani kwenye maji ya kina kirefu, kwamba kuhama huko kumefanya kilimo kilichokuwa cha wanawake kihitaji boti na kuogelea, na kwamba swali ambalo makala italijibu ni nani atakayebaki na mapato ikiwa kazi ya kina kirefu itachukuliwa na wanaume. Lingeeleza pia kuwa mwandishi amekwisha kuzungumza na wakulima wawili na mtaalamu mmoja wa bahari, kwamba makala itakuwa na maneno 1,500 na picha sita, na kwamba itakuwa tayari katika wiki mbili. Yote hayo huingia katika nusu ukurasa. Mhariri mwenye mapendekezo 40 mezani hufanya uamuzi wake kwa aya ya kwanza, na si haki kumlaumu kwa hilo. Lawama inayomstahili ni ya kukaa kimya, tabia iliyoenea kiasi kwamba mwandishi mzoefu hujiwekea muda, kwa kawaida wiki moja au mbili, ambao ukipita bila jibu humwarifu mhariri kwa adabu kuwa wazo sasa linapelekwa kwingine, kisha akalipeleka.

Safari hiyo moja ya Jambiani ikifanywa kwa daftari lililojaa haizai makala moja. Gazeti la kila siku litataka habari ya bei na uzalishaji. Jarida la wanawake litataka maisha ya mkulima mmoja tangu mama yake alipoanza kulima. Redio itataka sauti, maji na nyimbo za kazini, ambazo zilipaswa kurekodiwa pale pale. Chombo cha mazingira cha nje kitataka sayansi ya joto la bahari. Na jarida la biashara litataka mnyororo wa bei kutoka ufukweni hadi kiwandani. Hizi si nakala za makala ile ile zilizobadilishwa kichwa cha habari, jambo ambalo wahariri huliona kuwa udanganyifu na hawalisahau, bali ni makala tofauti zinazokula chungu kimoja cha utafiti. Baada ya mwaka mmoja wa kufuatilia bahari na vijiji vyake, mwandishi huyo anakuwa mtu anayepigiwa simu bahari inapotajwa, na kuanzia hapo mapendekezo huanza kutoka kwa wahariri kwenda kwake. Ubobezi wa namna hii hauchaguliwi kwa kupenda tu; huchaguliwa kwa kutazama kile ambacho kinafanyika jirani na mtu na hakuna anayekiandika vizuri, na kwa mwandishi wa Geita hicho huenda kikawa dhahabu na zebaki, kwa wa Lamu bandari, kwa wa Kigoma wakimbizi na dagaa.

Uwezekano wa kuuza zaidi ya mara moja hutegemea hakimiliki, yaani haki ya kisheria ya mtunzi kuamua nani achape, atafsiri au auze kazi yake, na hapa ndipo waandishi wengi wa kujitegemea wanapopoteza mali bila kujua kuwa walikuwa nayo. Sheria haimlindi mtu kwa kulijua tukio, kwani habari ya siku ni ya kila mtu. Hulinda namna alivyoiandika, na katika Tanzania na Kenya ulinzi huo huendelea katika maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtu aliyeajiriwa, haki za kiuchumi za kazi anayoifanya kazini huhamia kwa mwajiri wake isipokuwa wamekubaliana vingine, na kwa hiyo wasioajiriwa hudhani kwamba wao wako salama. Nchini Kenya dhana hiyo ni hatari, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 husema kwamba hata kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri huhesabiwa kuwa imehamishiwa kwa aliyeiagiza, mpaka pawe na makubaliano ya kuzuia au kupunguza uhamisho huo. Mwandishi anayekubali agizo la mhariri kwa simu, bila neno lolote la maandishi, huenda ameuza kila kitu.

Dawa yake si kumwajiri wakili. Inatosha barua pepe fupi, iliyotumwa baada ya mazungumzo, inayorudia yaliyokubaliwa: kichwa cha kazi, idadi ya maneno, tarehe ya kukabidhi, kiasi cha malipo na siku ya kulipwa, nani anabeba nauli, na kwamba gazeti linanunua haki ya kuchapa mara ya kwanza katika Kiswahili, haki nyingine zikibaki kwa mwandishi. Mhariri akijibu "sawa", makubaliano yapo. Baadhi ya magazeti huleta mkataba wao unaotaka haki zote, katika lugha zote, milele, na mwandishi mchanga husaini kwa kuogopa kuonekana msumbufu. Lakini anayeuliza kwa upole kama kifungu hicho kinaweza kupunguzwa hugundua mara nyingi kwamba hakuna aliyewahi kuuliza. Kazi inapokabidhiwa, ifuatane na ankara, yaani hati ya kudai malipo, yenye namba, tarehe na namba ya mlipakodi, kwa kuwa idara ya fedha ya kampuni kubwa hailipi sifa ya makala bali hulipa karatasi iliyokamilika.

Nusu nyingine ya mali ya mwandishi ni kuaminika, na adui yake mkubwa ana jina la mitaani: mshiko. Waandaaji wa mikutano na warsha huwapa waandishi fedha katika bahasha, wakiziita nauli au posho, na wote waliopo huelewa kwamba anayepokea hatarajiwi kuandika jambo la kuwaudhi watoaji. Wenye mishahara huipokea bahasha pia, lakini kwa mwandishi wa kujitegemea ambaye hesabu yake ilionyeshwa hapo juu, bahasha moja yaweza kuzidi malipo ya makala nzima, na kumhubiria maadili bila kuitaja hesabu hiyo ni unafiki wa wenye mishahara. Hata hivyo hasara yake ni ya kibiashara kabla ya kuwa ya kimaadili. Wahariri wa habari huzungumza, na wanamjua yule ambaye kila habari yake inatoka hotelini. Mtu huyo ataendelea kuitwa kwenye mikutano, lakini hataagizwa makala nzito, kwa sababu hakuna mhariri anayetaka kugundua mahakamani kwamba chanzo cha mwandishi wake kilikuwa ndiye mlipaji wake. Wakati huo huo bahasha huwavuta mikutanoni makanjanja, kama wanavyoitwa Tanzania watu wanaojifanya waandishi bila chombo wala kazi iliyochapwa, na uwepo wao humfanya ofisa wa serikali amtazame kila asiye na kitambulisho cha gazeti kwa shaka.

Suala la kitambulisho limekuwa na uzito zaidi katika miaka ya karibuni. Nchini Kenya, Baraza la Vyombo vya Habari, chini ya sheria ya mwaka 2013, huwapa ithibati na kadi za kila mwaka waandishi wote, wakiwemo wa kujitegemea. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zilizofuata mwaka 2017 ziliifanya stashahada ya uandishi wa habari kuwa kiwango cha chini cha elimu. Wapo wanaoona sharti hilo limesafisha taaluma, na wapo wanaoona limewafungia mlango watu wenye shahada za sayansi, sheria au uchumi ambao ndio hasa wangeweza kuwa waandishi bora wa kujitegemea katika nyanja hizo. Hoja ya pili ina nguvu, maana gazeti linalotaka kueleza bei ya mbolea linamhitaji mtu anayeijua mbolea.

Hatari za kazi hii hazilingani kwa wote. Mwandishi mwenye dawati akipatwa na jambo, kuna mhariri atakayeuliza yuko wapi asubuhi ya kesho, kuna wakili wa kampuni, na kuna bima. Wa kujitegemea huvibeba vyote hivyo peke yake, isipokuwa amejiwekea mwenyewe. Azory Gwanda, aliyekuwa mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi, alitoweka Kibiti, mkoani Pwani, Novemba 2017, katika kipindi ambacho eneo hilo lilikuwa na mfululizo wa mauaji aliyokuwa akiyaripoti, na hajaonekana tena. Erick Kabendera, aliyeliandikia jarida la The Economist na magazeti mengine ya nje na ya kanda, alikamatwa Dar es Salaam Julai 2019. Lilianza swali la uraia wake, kisha yakaja mashtaka ya uhalifu wa kupangwa, ukwepaji wa kodi na utakatishaji wa fedha, na alitoka gerezani Februari 2020 baada ya makubaliano na upande wa mashtaka yaliyoambatana na malipo ya fedha. Mashirika ya kutetea wanahabari yaliyatazama mashtaka hayo kuwa kisasi kwa maandishi yake. Lolote ambalo msomaji ataamini kuhusu kesi hiyo, waandishi wengi wa kujitegemea waliisoma kwa jicho la pili, wakielewa kwamba risiti na kumbukumbu za kodi za mtu anayelipwa kutoka nje ni sehemu ya ulinzi wake kama ilivyo simu yenye nywila.

Ipo pia hatari isiyo na damu, ya kutegemea mlango mmoja. Kati ya Juni na Oktoba 2017, serikali ya Tanzania iliyafungia magazeti ya Mawio, MwanaHALISI, Raia Mwema na Tanzania Daima, mengine kwa siku 90 na mengine kwa miaka miwili, na waliokuwa wakiyaandikia kwa kipande hawakuwa na notisi wala kiinua mgongo cha kudai. Hali hiyo haiwapati wanaoandikia magazeti ya nyumbani pekee. Idhaa za Kiswahili za nje, kama BBC iliyoanza mwaka 1957, Sauti ya Amerika iliyoanza mwaka 1962 na ile ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1963, zimewalisha kwa miongo mingi waandishi wa kujitegemea kuanzia Bujumbura hadi Mombasa, na malipo yao kwa fedha za kigeni yamesomesha watoto wengi. Lakini mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipoikata Sauti ya Amerika hadi ikanyamaza, wenye mikataba ya muda walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuondolewa. Ndiyo maana waandishi wazoefu huhakikisha kwamba hakuna mteja mmoja anayebeba zaidi ya nusu ya mapato yao, ingawa kuyasema hayo ni rahisi kuliko kuyatimiza katika mji wenye magazeti mawili. Kinga nyingine ni akiba: nchini Tanzania, mwanachama wa hiari wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii huweza kuchangia kwa ajili ya uzee wake hata kama hana mwajiri, na ni jambo la kushangaza ni wachache kiasi gani wanaojishughulisha nalo kabla hawajatimiza miaka 40.

Ukweli ambao haupendwi kutajwa katika vyuo vya uandishi ni kwamba wachache sana Afrika Mashariki huishi kwa makala peke yake. Walio wengi huchanganya: hutafsiri nyaraka, huhariri vitabu, hufundisha vyuoni kwa muda, huongoza na kuwasaidia waandishi wa kigeni wanaokuja kwa wiki moja bila kujua lugha wala barabara, huomba ruzuku kwa taasisi kama Tanzania Media Foundation, ambayo imekuwa ikiwagharimia waandishi safari za uchunguzi ambazo gazeti halingezilipia, na huandika taarifa za mwaka za mashirika yasiyo ya kiserikali. Mchanganyiko huo si aibu, na mara nyingi ndio unaomwezesha mtu kukataa bahasha. Ugumu huja pale pande mbili zinapogongana, kwa mfano mwandishi aliyelipwa na shirika kuandika taarifa ya mradi wa visima anapoombwa na gazeti makala kuhusu maji katika wilaya ile ile. Hapo kuna njia mbili zilizo safi. Anaweza kuikataa makala na kumpa mhariri jina la mwenzake, au anaweza kumwambia mhariri, katika pendekezo lenyewe na si baada ya makala kuchapwa, kwamba alilipwa na shirika fulani kwa kazi fulani mwezi fulani, kisha mhariri aamue kama msomaji naye aambiwe chini ya makala.